Poka: ukibetiwa kwenye flopi, lini upandishe dau na lini ufuate tu

#1 Chalii wa Sakina

Wakuu habari za jioni. Huu uzi ni wa wale tunaocheza poka ya Texas Hold'em, iwe mezani na washkaji au kwenye simu, na naandika nikiamini unajua tayari kwamba flashi (karata tano za aina moja, mfano kopa tupu) inashinda streti (tano zinazofuatana) na seti (tatu zinazofanana) inashinda pea mbili, huko sitarudi. Nataka tuongelee sehemu moja tu ya mchezo. Kila mtu ana karata zake mbili, karata tatu za kwanza zimeshafunguliwa mezani (hizo ndo flopi, ya nne inaitwa turni, ya tano riva), mpinzani kabeti, zamu yako. Unaweza kutupa, unaweza kufuata, unaweza kupandisha dau. Hiyo ya tatu ndo tunaitumia vibaya kuliko zote huku kwetu, na inaniuma kwa sababu watu wana akili za mchezo kabisa, wanasoma wenzao vizuri, ila ikifika hapo mkono unakimbia kabla ya kichwa.

Niwape mkono mmoja tuutazame kwa karibu. Meza yetu hapa Sakina, Arusha, tunakutana jumapili jioni na hatuchezei hela, mharage mmoja ni pointi 1, kizibo cha soda ni pointi 10, kila mtu anaanza na pointi 200, blaindi, yani dau la lazima wanaloweka watu wawili kabla ya kuanza, ni 1 na 2, na anayemaliza wa mwisho ananunua mtori wiki inayofuata. Sasa jamaa mmoja aliyekaa mwanzoni kafungua na 6, wote wametupa mpaka kufika kwa chalii aliyekuwa mgawaji, ana kingi ya kopa na jeki ya uru, kafuata, blaindi zote zimetupa. Mezani kuna pointi 15, hiyo ndo poti. Flopi inakuja kingi ya shupaza, nane ya uru, tatu ya maua. Jamaa anabeti 10. Chalii anapandisha hadi 30, jamaa anawaza kidogo anatupa karata, chalii anakusanya maharage anachekelea. Tukamuuliza ulipandisha kwa nini, akasema "nilitaka kujua niko wapi."

Hiyo sentensi nimeisikia kwenye kila meza niliyowahi kukaa, Kijenge, Njiro, hadi kule Moshi, na ndo sababu ya huu uzi. Hebu tuhesabu pamoja yule jamaa anaweza kuwa na nini.

Kingi zimebaki mbili, maana moja iko mezani na moja anayo chalii. Kwa hiyo asi na kingi zinaweza kuja kwa namna 8 (asi 4 mara kingi 2). Kingi na kwini namna 8. Pea ya asi namna 6, pea ya kingi namna 1, pea ya nane namna 3, pea ya tatu namna 3. Jumla namna 29 zinazompiga chalii. Upande wa pili, zile anazozipiga yeye: kingi na kumi namna 8, pea ya kwini 6, pea ya jeki 3 (jeki moja anayo yeye), pea ya kumi 6, pea ya tisa 6. Jumla 29 pia! Kingi na jeki mnagawana, tuiache. Halafu juu ya hapo kuna asi na kwini namna 16 na asi na jeki namna 12, ambazo hazijagusa chochote ila mtu aliyefungua kabla ya flopi anabeti nazo kila siku kutishia.

Sasa kabla hujapandisha, ukifuata tu zile 10, unaongoza vizuri kabisa dhidi ya huo mkusanyiko wote. Pandisha hadi 30 uone kinachotokea. Asi na kwini anatupa. Asi na jeki anatupa. Pea ya tisa, ya kumi, ya jeki, ya kwini, nyingi anatupa. Nani anabaki? Wale 29 wanaokupiga, na kingi na kumi labda, namna 8. Yani umelipa pointi 20 za ziada ili uwafukuze wote uliokuwa unawashinda na ubaki chumbani na wote wanaokushinda. Umejua uko wapi kweli, uko nyuma, na poti imeshakuwa kubwa.

Na wale uliowafukuza hawakuwa tishio. Mwenye pea ya tisa ana tisa mbili tu za kumwokoa kwenye karata 45 ambazo hazijaonekana mikononi mwenu wawili na mezani, nafasi yake ya kukupita mpaka riva haifiki hata asilimia 10. Mtu wa namna hiyo unamtaka abaki, abeti tena kwenye turni kwa uongo wake, umfuate taratibu uchukue.

Kwa hiyo kanuni ninayoishi nayo mimi ni swali moja la pande mbili, na nikikosa jibu sipandishi: ni karata gani mbovu kuliko zangu zitanifuata, au ni karata gani nzuri kuliko zangu zitatupwa? Kama jibu la yote mawili ni "hakuna" basi kupandisha hakuna kazi pale, fuata au tupa. Pea ya juu yenye karata ya pembeni ya kawaida kama ile jeki, kwenye flopi kavu (isiyo na njia ya flashi wala streti) kama ile, jibu ni hakuna na hakuna.

Karata zinazostahili kupandishiwa ziko ncha mbili. Ncha ya kwanza ni zile kali. Chukua mkono uleule ila chalii awe na pea ya nane, yani kapata seti. Watu wengi hapa wanajificha, wanafuata tu "nisimtishe". Angalia hesabu. Kila mmoja amebaki na 194. Ukifuata 10, poti 35. Turni anabeti 25 unafuata, poti 85. Riva anabeti 60 unafuata. Umemtoa pointi 95 baada ya flopi, bado anazo 99 mkononi, na mwenye asi na kingi angekupa zote kwa furaha. Sasa pandisha hadi 30 anafuata, poti ni 75. Turni unabeti 55 anafuata, poti 185, kila mtu kabakiwa na 109, na riva unasukuma zote zikiwa bado ni ndogo kuliko poti yenyewe. Tofauti yote ile imezaliwa na pointi 20 ulizoongeza kwenye flopi, kwa sababu kila dau la baadaye linapimwa kwa ukubwa wa poti, ukichelewa kuikuza huku mwanzo huko mwisho haikui.

Ncha ya pili ni karata ambazo hazijakamilika ila zina njia. Una tisa na nane za kopa, flopi jeki ya kopa, kumi ya shupaza, tatu ya kopa. Hapo kopa yoyote kati ya 9 inakupa flashi, kwini yoyote au saba yoyote inakupa streti, toa mbili ulizohesabu mara mbili, unabaki na karata 15. Nafasi ya kuipata mojawapo mpaka riva ni asilimia 54. Pandisha bila woga! Akitupa umechukua poti ukiwa na tisa juu, akifuata nusu ya wakati na zaidi unafika. Na hapo ndo karata nzuri kuliko zako zinatupwa, maana hata mwenye asi tupu alikuwa anakushinda.

Katikati ya hizo ncha mbili, pea za juu za kawaida, pea za kati zenye karata nzuri pembeni, hizo kazi yake ni kufuata. Hazihitaji sifa.

Karibuni tujadili, nitajibu kadri ninavyopata muda.

#2 Mangi wa Pasua

Mkuu uzi mzuri sana huu, ila mi niko Moshi huku Pasua na meza yetu haitupi karata hata kwa viboko. Mtu ana pea ya tatu anakufuata mpaka riva anasema "nimelipia lazima nione". Sa hiyo ncha ya pili ya karata zisizokamilika si nitakuwa najichoma mwenyewe

#3 Chalii wa Sakina

Mangi umeuliza jambo la msingi. Blafu, yani kupandisha kwa kutishia tu, ina bei yake na bei hiyo inahesabika. Poti ilikuwa 15, jamaa kabeti 10, ukipandisha hadi 30 unahatarisha 30 ili uchukue 25. Gawa 30 kwa 55, unapata karibu asilimia 55. Maana yake kama karata zako hazina uhai wowote, jamaa lazima atupe zaidi ya nusu ya wakati ndo usipate hasara. Karata zikiwa na uhai, kama zile 15 za kwenye mfano, hitaji linashuka sana, na ndo maana tunapandisha na hizo wala sio na takataka.

Kwenye meza yako ambako hakuna anayetupa, blafu tupu zifute kabisa, mkuu, usione aibu. Badala yake ile ncha ya kwanza unaipanua. Asi na kingi kwenye flopi ya kingi, ambayo kwa mtu mgumu ningefuata tu, kwa hao wa kwako pandisha, tena pandisha nono, kwa sababu swali letu la "karata gani mbovu itanifuata" linajibiwa "zote". Pea mbili, seti, usijifiche hata mara moja. Anayesema nimelipia lazima nione mwache alipie zaidi.

#4 Mzee wa Kiborloni

Vijana nawasoma. Sisi wa zamani tulikuwa na sababu nyingine ya kupandisha ambayo hujaitaja. Una kopa nne, upo wa mwisho kuongea, unampandishia kwenye flopi, anafuata, turni inakuja anaogopa anacheki (habeti, anakuachia zamu) kwako, na wewe unacheki, unaiona riva bure. Hiyo unasemaje?

#5 Chalii wa Sakina

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ni mbinu halali na inafanya kazi mpaka leo, ila ina masharti. La kwanza umeshalisema mwenyewe, lazima uwe wa mwisho kuongea, maana ukiwa wa kwanza huna cha kupewa bure. La pili, hesabu bei. Ile 20 ya ziada unayolipa kwenye flopi ilinganishe na dau ambalo angelibeti kwenye turni. Poti ikiwa 35 kwenye turni wengi wanabeti kama 25, kwa hiyo umeokoa kidogo, sio sana. La tatu, awe mtu anayeogopa. Ukikutana na yule ambaye ukimpandishia anakupandishia tena, karata ya bure inageuka ghali kweli.

Faida yake kubwa mi naiona kwingine, kwamba kopa ikishuka kwenye turni poti tayari ni 75 badala ya 35, flashi yako inalipwa zaidi ya mara mbili. Na usipoipata bado una uhuru wa kubeti tena ukaona kama atatupa.

#6 Mzee wa Kiborloni

Marahaba kijana. Hapo nimekuelewa.

#7 Dada wa Njiro

Mimi nina swali la ukubwa. Kaka zangu hapa mezani wanapandisha mara mbili tu, mtu akibeti 10 wao 20. Wanasema inatosha kumtisha. Na swali la pili nikiwa blaindi kubwa nimecheki, aliyefungua kabeti, nipandishe flopi gani? Maana nikipandisha wananiangalia kama nimechanganyikiwa

#8 Chalii wa Sakina

Dada asante, haya maswali yako mawili ndo nilikuwa nayasubiri.

La ukubwa. Poti 15, dau 10, ukipandisha hadi 20 mezani kuna 45 na yeye anatakiwa aongeze 10 tu. Gawa 10 kwa 55, ni asilimia 18. Mtu anayesubiri flashi ana karata 9 kati ya 47 ambazo hajaziona, nafasi ya kuipata kwenye turni peke yake ni asilimia 19. Umeona? Umempa bei ambayo anafuata kwa haki kabisa, huhitaji hata kusema atakulipa mbele. Ukipandisha hadi 30, mezani 55, anaongeza 20, gawa 20 kwa 75, ni karibu asilimia 27. Sasa anafuata kwa hasara kwa karata hiyo moja na analazimika kutegemea kwamba akiipata utamlipa. Kwa hiyo mara tatu ya dau ndo kiwango changu nikiwa wa mwisho kuongea, na nikiwa wa kwanza naenda mara tatu na nusu au nne, kwa sababu kucheza raundi mbili zinazobaki bila kuona mwenzako anafanya nini kwanza ni kazi ngumu na sitaki anifuate kirahisi. Dau lake likiwa dogo sana, mfano 5 kwenye 15, hapo hata mara nne sio kubwa.

La blaindi kubwa. Wewe na aliyefungua hamna karata zinazofanana, hapo ndo siri ilipo. Yeye kafungua kutoka mwanzoni, kajaa asi, kingi, pea kubwa. Wewe umelinda blaindi yako kwa bei nafuu, una vitu kama saba na sita, nane na tano, sita na nne. Flopi ikija asi, kingi, tano, seti zote kubwa na pea mbili kubwa ni zake, ukipandisha pale hadithi yako haiaminiki na wewe mwenyewe huna cha kuisimamia. Ila flopi ikija saba, sita, nne, mambo yanageuka. Wewe unaweza kuwa na streti, yani tano na nane, au tano na tatu, una pea mbili za kila aina. Yeye ana pea ya asi anayoipenda na hajui aifanye nini. Hapo cheki, mwache abeti, halafu pandisha, na streti zako, na pea mbili zako, na baadhi ya zile zinazosubiri. Wakikuangalia vibaya waache waangalie, kwenye flopi hiyo wewe ndo mwenye nyumba.

Na mkiwa watu watatu au wanne kwenye flopi dada, blafu punguza karibu zote, maana kila kichwa kinachoongezeka ni mtu mwingine anayetakiwa kutupa, na mmoja wao kwa kawaida ana kitu.

#9 Mdau wa Majengo

naomba kuuliza hii ni kamari au sio kamari maana huku tuna madogo wa sekondari wanatuzunguka kila tukicheza

#10 Chalii wa Sakina

Mkuu mkiweka hela ni kamari, na Tanzania kamari inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Sisi ndo maana maharage. Na madogo wakija karibu mi nawafundisha hesabu ya namna, ile ya asi 4 mara kingi 2, bila dau lolote, ni hesabu nzuri tu ya shule.

#11 Mangi wa Pasua

Nimerudi mkuu. Jumapili hii nilimpandishia jamaa hadi 30 nikiwa na flashi inayosubiri, ya asi kabisa, akanirudishia 80. Nikaganda. Nilitakiwa nifanyeje hapo

#12 Chalii wa Sakina

Mangi, hili ndo lilitakiwa liwe kwenye kichwa chako kabla ya kuweka ile 30, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye mchezo huu kwa hiyo nitaandika kirefu.

Akipandisha hadi 80, mezani kuna 15 za mwanzo, 30 zako, 80 zake, jumla 125. Wewe unaongeza 50. Gawa 50 kwa 175, unahitaji karibu asilimia 29. Flashi inayosubiri inafika mpaka riva kwa asilimia 35, unaona kama inatosha, ila hiyo 35 ni ukiwa na uhakika wa kuziona karata zote mbili. Kwa karata moja ni 19. Baada ya kufuata umebakiwa na 114 na poti ni 175, akisukuma mzigo wote kwenye turni kabla hujafika inabidi utupe, au ulipe 114 kwa nafasi moja tu iliyobaki, na hapo umeumia. Kwa hiyo umejiweka mahali ambapo karata nzuri sana, ambayo ingefuata ile 10 kwa amani na kupata flashi kubwa kuliko zote, sasa inasukumwa nje ya mchezo.

Ndo maana mi kati ya zinazosubiri napenda kupandisha na za aina mbili. Zile zenye nguvu nyingi mno kama zile za karata 15, akirudisha 80 nasukuma zote bila kuuliza, dhidi ya pea ya juu nakuwa mbele na hata akiwa na seti bado nina karibu asilimia 40. Na zile dhaifu, mfano streti inayosubiri karata moja ya katikati, karata 4 tu, asilimia 16 hivi mpaka riva. Hizo akirudisha natupa sekunde ileile na sijapoteza kitu kizuri, maana 16 haiko karibu na 29. Unapandisha nazo kwa sababu kuzifuata hakulipi na kuzitupa mapema kunakufanya uwe mtu anayepandisha na seti peke yake, na watu wakishalijua hilo hawakulipi tena.

Flashi ya asi ipo katikati ya hizo mbili. Mara nyingi nafuata nayo. Napandisha nayo tu nikiwa na kitu cha ziada, mfano na streti ya katikati juu yake, au nikimjua jamaa kwamba huwa harudishi bila seti, hapo najua akirudisha natupa na asiporudisha nipo salama. Na kama mzigo wako ni mdogo, tuseme umebakiwa na 60 tu poti ikiwa 25, hiyo habari ya kupandisha hadi 30 iache, sukuma zote 60 palepale, hana tena nafasi ya kukurudishia na karata mbili zilizobaki kufunguliwa unaziona zote.